Pete janja na maji ya chumvi

Pete za kupimia mapigo ya moyo, usingizi na joto la mwili zimeanza kuonekana vidoleni Unguja na Pemba. Nyingi huletwa na jamaa kutoka Muscat, Dubai au London, kwa hiyo ikiharibika hakuna duka la kuirudisha. Tumejibu barua tano.

*Assalaam alaykum. Mwanangu kaniletea pete, kasema inastahamili maji ya mita 100. Mimi ni mkulima wa mwani. Niingie nayo baharini?* — Bi Z., Paje

Waalaykumu salaam, Bi Z. Chumvi haiili titani, na pete kama Oura au Samsung Galaxy Ring zimeundwa kwa madini hayo. Mita 100 ni kipimo cha shinikizo la maji, kinatosha kabisa kwa kuogelea, lakini si ruhusa ya kuzamia na mtungi.

Hata hivyo, siku ya kufunga mbegu iwache nyumbani. Kamba ikinasa pete huku wimbi linakuvuta, inaweza kuchuna nyama ya kidole. Tena mchanga unaoingia kati ya pete na ngozi hukwaruza pande zote mbili.

Ukienda kuogelea tu, isuuze kabla chumvi haijakauka. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, basi suuza ya mwisho iwe ya maji ya kunywa. Nusu kikombe yatosha.

*Chini ya pete ngozi imekuwa nyeupe na inawasha. Kila nikitia udhu naogopa kuivua isije ikatumbukia. Nifanyeje?* — Bw. H., Wete

Kwa upande wa pete, udhu hauidhuru. Kwa upande wa udhu, izungushe na uisogeze mpaka maji yafike chini yake. Kama imebana hata haisogei, ivue, na ujue kwamba saizi hiyo si yako. Kidole huvimba kidogo kwa joto na jioni, ndiyo maana pete za plastiki za kujaribia saizi huvaliwa mchana na usiku kabla ya kuchagua.

Muwasho mara nyingi ni sabuni na unyevu vilivyokwama. Anayetia udhu mara tano kisha akakoga mara mbili, ngozi ile haipati nafasi ya kukauka. Ivue kila ukishakoga, ukaushe kidole na upande wa ndani wa pete, uiwache kando kama saa moja, halafu uivae kidole kingine. Yakitoka malengelenge, usiivae tena mpaka ngozi ipone, na daktari akuone. Huenda ni mzio.

Mara moja kwa wiki ioshe kwa tone la sabuni ya maji isiyo kali na maji vuguvugu. Sugua ndani kwa ncha ya kidole, suuza, kisha ipanguse kwa kipande cha khanga kuukuu. Dawa ya meno na majivu, vinavyosifiwa kwa kung'arisha fedha, hapa ni balaa: rangi ya pete ni utando mwembamba, ukishakwaruzwa haurudi. Jiki na dawa ya kuondolea rangi ya kucha, usithubutu. Wachumaji wa karafuu nao waivue kabla ya kazi, kwani mafuta ya karafuu hula baadhi ya plastiki, na pete nyingine zimezibwa kwa plastiki ngumu kwa ndani.

*Tangu harusi yangu pete inakosa mapigo ya moyo usiku. Imekufa?* — Bi arusi, Chake Chake

Hongera, na usiitupe. Pete husoma damu kwa kupenyeza mwanga wa kijani, mwekundu na ule usioonekana kwa macho. Piko jeusi huweza kuunyonya mwanga huo. Lililopakwa ncha za vidole halina neno. Tatizo ni ua lililofika shina la kidole, pale pete inapokaa. Ihamishie kidole kisichochorwa, cha shahada kikiwezekana, vile vitone vya ndani vikiwa upande wa kiganja. Galaxy Ring ina alama ndogo kwa nje ya kukuonyesha upande huo.

Kisha ichungulie ndani kwenye mwanga. Singo, liwa na mafuta ya nazi huacha utando juu ya vitone. Ukiuona, ioshe kama tulivyomweleza Bw. H.

*Zamani chaji ilifika wiki, sasa siku mbili. Fundi wa simu Darajani anaweza kubadilisha betri?* — K.M., Mwanakwerekwe

Hawezi, hata awe hodari vipi. Betri ni ya takriban mAh 20 (ya simu hufika 5,000), imepindwa na kuzibwa ndani. Kuifungua ni kuiua pete.

Iliyobaki itunze. Joto ndilo linaloichosha upesi, basi usiiwache kwenye dashibodi wala kuichaji dirishani juani. Ichaji kidogo kidogo, kati ya asilimia 20 na 80, na usiiweke wiki nzima ikiwa sifuri. Ukizima kipimo cha oksijeni cha usiku, chaji itadumu zaidi.

Ikaushe kabla ya kuiweka kwenye chaja. Chaja nyingi huwa za saizi moja tu, ya ndugu yako huenda isifae. Umeme ukikatika na ukatumia pawabenki, inaweza kujizima kwa kuona hakuna kinachovuta moto, kwani pete hunywa kidogo mno. Chomeka na simu kwenye tundu la pili, itabaki imewaka.

*Pete imekwama, kidole kimevimba.* — Msomaji, Mkoani

Inua mkono juu ya kichwa dakika tano, utie kidole kwenye maji baridi, upake sabuni au mafuta ya nazi, kisha uizungushe taratibu bila kuivuta kwa nguvu. Kidole kikifa ganzi au kikigeuka buluu, nenda hospitali mara moja, na uwaambie kabla hawajakata kwamba ndani mna betri ya lithiamu. Na kama iliyovimba au kupata moto ni pete yenyewe, usiichaji tena, wala usiichome pamoja na taka.