Kilo zinazopungua ghalani: maji, wadudu au wizi?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Natunza ghala la chama chetu cha msingi mkoani Ruvuma. Tunapokea mahindi ya wanachama kuanzia Julai na kuyauza hadi Februari. Kila msimu kilo zinazotoka ni pungufu ya zilizoingia, na maneno ya wizi yameanza. Daftari ninalo, kipima unyevu ninacho, na Excel naijua kidogo. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, kabla hamjamshuku mtu, ondoeni maji kwenye hesabu. Mahindi yakiingia na unyevu wa asilimia 18 na kutoka na 13, mizani itashuka hata kama hakuna punje iliyopotea. Tani 10 zenye unyevu wa asilimia 18 zina kilo 8,200 za mahindi bila maji. Gawa kwa 0.87, yaani sehemu isiyo maji unyevu ukiwa 13, unapata 9,425. Huo ndio uzito unaopaswa kuukuta unyevu ukifika 13; kilo 575 zilizopungua ni maji. Kwa hiyo mizani ikisoma 9,100, unazotafuta ni kilo 325, si 900. Ibandike hesabu hiyo kwenye ubao wa chama, maana jina la mtu liko hatarini.

Sasa zifuatilie hizo 325. Kwenye Excel kila rundo liwe na mstari wake: tarehe, mahali lilipo, kijiji yalikotoka, unyevu, uzito. Wastani wa ghala zima unaficha mambo. Marundo tisa yakiwa salama, hutaliona la kumi linaloliwa pale kwenye ukuta unaovuja.

Kila mwezi chukua sampuli kwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchomea gunia na kutoa punje, magunia ya juu, ya kati na ya pembeni, uchanganye, uhesabu punje 500. Tenga nzima na zilizotobolewa, upime kila fungu. Tuseme nzima ni 450, zina gramu 180, yaani gramu 0.4 kila moja. Zilizotobolewa 50 zina gramu 14, na zingekuwa nzima zingefika 20. Zimeliwa gramu 6 kati ya 200: asilimia 3. Usiandike asilimia 10 eti kwa kuwa punje 50 zina matundu. Kosa hilo limejaa kwenye ripoti.

Asilimia 3 ya 9,425 ni kama kilo 283. Kati ya zile 325 zimebaki 42. Kama mna dumuzi, mdudu anayesaga mahindi kuwa unga, fagia unga wote ulio chini ya rundo uupime, kwa sababu punje iliyokwisha kabisa haiingii kwenye sampuli. Pima pia mizani yenyewe kwa jiwe la uzito unaojulikana, wakati wa kupokea na wa kutoa.

Asilimia hizo zichore mwezi kwa mwezi, rundo kwa rundo. Linaloanza kupanda litibuni au liuzeni kwanza, hata kama liliingia mwisho. Punje zenye ukungu zitengeni kabisa, wala msiwape kuku: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haionekani kwenye mizani.