Eksema yangu, tumbo langu, na sahani ya maharagi

Jumamosi iliyopita tulikuwa na dot, ile sherehe ya mahari, ya mdogo wangu kule Nguba, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, na mimi nilivaa kitenge cha mikono mifupi. Kwa mtu mwingine ni nguo tu. Mimi mara ya mwisho kuonyesha viwiko vyangu mbele za watu ilikuwa 2016, hata kwenye harusi yangu mwenyewe nilivaa mikono mirefu ya kufika kwenye vidole, jua linawaka, jasho linanichoma chini ya kitambaa, na kwenye picha zote nimekunja mikono kama mtu anayesikia baridi.

Basi nikaweka picha ya dot kwenye status. Usiku ule simu haikunyamaza. Kati ya ujumbe wote kulikuwa na mmoja wa dada wa Bagira, jina lake silitaji, ananiita yaya, yaani dada mkubwa, ameandika hivi: «Yaya, mikono yako niliiona zamani kule Kadutu, ilikuwa inapasuka na kutoka maji. Sasa iko muzuri. Ulifanya je? Mimi pia niko nayo ku shingo na ku magoti, na nimechoka. Niambie bya kweli, usinifiche.»

Sikufichi, dada. Nakujibu hapa ili na wengine wasome, juu najua tuko wengi tunaovaa mikono mirefu ndani ya joto na tunasema tunapenda tu.

Eksema, huu ugonjwa wa ngozi kuwasha na kupasuka, naweza kusema nilizaliwa nayo. Mama yangu ana asima, kaka yangu anapiga chafya kiangazi kizima vumbi likianza, na mimi nikapata ngozi. Daktari aliniambia baadaye kwamba hivyo vitu vitatu vinapenda kutembea pamoja kwenye familia moja. Utotoni ilikuwa nyuma ya magoti tu, inakuja inaenda. Ilinirudia vibaya nilipofungua malewa yangu, mgahawa mdogo, pale Kadutu. Alfajiri saa kumi niko kwenye moto nakaanga mandazi, mchana bugali na sombe (majani ya muhogo) na sambaza (samaki wadogo wa ziwa), jioni naosha masahani na sabuni ya unga, mikono iko ndani ya maji masaa matatu. Na mimi mwenyewe nakula nini? Mandazi yaliyobaki na chai ya sukari nyingi. Saa nne mandazi tena. Mchana sili, wateja wengi. Usiku bugali na kipande cha nyama, na soda baridi ya kujipa moyo. Nilikuwa napika sombe kila siku kwa ajili ya watu na sahani yangu haina jani hata moja. Choo nilikuwa naenda mara mbili kwa wiki, tumbo limejaa kama ngoma, na nilifikiri watu wote ndivyo walivyo.

Sasa hili nitaliandika juu bado linaniuma. Kulikuwa na papa mmoja anakula kwangu kila siku ya kazi, zaidi ya mwaka mzima. Siku hiyo nikampelekea sahani yake: bugali, sombe pembeni, sambaza sita juu yake, pilipili kwenye kijiko. Nilipoiweka mezani akaangalia mkono wangu. Ngozi kati ya vidole ilikuwa imepasuka, na mpasuko wa kidole cha shahada ulikuwa na damu kidogo. Akasukuma sahani polepole, na kidole kimoja, akasema, «Apana maman, leo sitakula.» Akatoa pesa yake yote, akaiweka mezani, akaondoka, na hakurudi tena. Angenitukana ningejua hasira yangu niiweke wapi, lakini alilipa. Mpaka leo nikipita ile barabara naangalia kama nitamwona.

Kisha maneno yakaanza. Banasema ni karuho, kuna mtu alinitegea sumu juu ya biashara. Banasema ni ukoma. Mama mmoja wa kwaya aliacha kunipa mkono, anainamisha kichwa tu kutoka mbali na kutabasamu. 2019 nilifunga malewa.

Katikati ya hayo yote nilijaribu kila kitu. Nilinunua pomadi ya kichupa cheupe kisicho na jina, ya kuchanganywa sokoni, na siku tatu tu ngozi ikawa laini kama ya mtoto, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikapaka mwaka na nusu. Kumbe ndani ilikuwa na kortizoni kali, ile ile watu wanayojipakia ili wawe weupe, na kila nikiacha siku mbili eksema inarudi na nguvu mara mbili, ngozi ya mkono ikawa nyembamba, mistari kama ya mimba ikatokea kwenye mapaja. Tumbo nalo likiniuma naenda farmasi, naambiwa ni tifoide, napewa antibiotiki, baada ya wiki tatu tifoide tena, antibiotiki tena. Hakuna aliyeniambia kwamba zile dawa zinaua na bakteria wazuri wa tumbo pamoja na wale wabaya. Halafu kuna mtu akaniuzia chai ya kusafisha tumbo kwa WhatsApp, dola 35, nikaharisha siku tisa. Baada ya hapo nikaangalia video ya mtu anasema eksema ni chakula, acha maziwa, acha mayai, acha karanga, acha maharagi, acha ngano, na mimi nikaacha vyote kwa wakati mmoja. Nilipoteza kilo 9. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Ngozi ilibaki vile vile.

2021 pesa ilikuwa imeisha, nikaenda kukaa kwa mama mdogo kule Walungu, nje ya mji. Sikwenda kujitibu, nilienda juu ya njaa, niseme ukweli. Kwake unakula kile kilichopo: maharagi asubuhi na jioni, viazi vitamu, lengalenga (mchicha) ya nyuma ya nyumba, avoka, bugali, na mashanza, maziwa yaliyochacha, ya ng'ombe wake mmoja. Mandazi hakuna. Soda iko mbali na mguu unauma. Wiki ya kwanza tumbo lilijaa hewa nikafikiri nitakufa. Wiki ya tatu nikaanza kwenda choo kila asubuhi, kitu ambacho sikukumbuka tangu niwe msichana.

Tulikuwa tunalala godoro moja, mimi na mama mdogo. Yeye ndiye aliyejua kabla yangu. Asubuhi moja, mwezi wangu wa pili kule, anawasha moto, akaniambia bila kugeuka, «Leo usiku haukujikuna. Nililala mpaka jogoo.» Nikaangalia kucha zangu. Zilikuwa safi, hazina damu wala ngozi chini yake. Nikatoka nje nikalia nyuma ya jiko peke yangu.

Najua utasema kule ulipumzika, haukuosha masahani na sabuni kali, haukusimama kwenye moto wa mafuta. Ni kweli, na sabuni ninaihesabu, mpaka leo naosha vyombo na glavu. Lakini niliporudi Bukavu nikaanza kuandika kwenye kaye, daftari langu, kila nilichokula na kila usiku niliojikuna, miezi minne, na Noeli ya mwaka ule nilikula mandazi na soda na mikate mieupe wiki mbili mfululizo, majani sikugusa, tumbo likafunga, na siku ya kumi nyuma ya magoti ikaanza kuwaka. Glavu nilikuwa navaa zile zile. Kaye bado ninayo.

Nilipoanza kusoma kwa simu ndipo nikaelewa kidogo. Zile nyuzinyuzi za maharagi na majani sisi hatuwezi kuzisaga, zinapita mpaka kwenye utumbo mpana, na kule bakteria wanazichachusha na kutoa asidi ndogo ndogo, moja inaitwa butireti. Hiyo butireti ndiyo chakula cha seli za ukuta wa utumbo, na inasaidia kinga ya mwili isikasirike ovyo. Na eksema ni nini kama siyo ngozi dhaifu pamoja na kinga iliyokasirika? Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharagi yaliyopikwa kinakupa zaidi ya gramu 10. Mandazi na chai vinakupa karibu hakuna, na mimi nilikula hivyo miaka minne.

Kuna daktari mmoja wa Ireland, Denis Burkitt, alifanya kazi hapo Uganda, zaidi kwenye hospitali ya Mulago, karibu miaka 20 kabla ya kurudi Uingereza 1966. Aliona kwamba wagonjwa wake wa vijijini hawana yale magonjwa ya utumbo yaliyojaa Uingereza, na akatumia maisha yake yaliyobaki kuwahubiria wazungu waanze kula nyuzinyuzi. Alijifunza kwenye sahani zetu, jamani! Na sisi tukifika mjini tunazikimbia, tunaona maharagi ni chakula cha maskini, mgeni akija tunaona haya kumpa lengalenga, tunamtuma mtoto mbio akanunue mkate mweupe.

Sasa nifanye nini, utauliza. Kula maharagi kila siku. Yaloweke usiku, yale maji yamwage, pika na maji mapya mpaka yalainike kabisa, hewa ya tumbo itapungua. Anza na vijiko vitatu wiki ya kwanza, usijaze sahani siku moja halafu uje kunilaumu. Kula majani kila siku, lengalenga au sombe au chochote kilichopo sokoni Nyawera asubuhi hiyo, sombe uipike muda mrefu unavyojua. Kunywa maji, nyuzinyuzi bila maji zinafunga choo zaidi. Avoka, ikiwa msimu wake. Punguza mandazi, punguza soda, sukari ya chai punguza kijiko kimoja kimoja. Na maharagi, narudia, kila siku, hata siku ambayo hauna hamu.

Mashanza nayo, bila sukari. Lakini usinunue ya maziwa mabichi usiyoyajua, maziwa mabichi yanaweza kukuletea bruseloze, ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo, na kuchacha peke yake hakuui hiyo kitu. Mimi nachemsha maziwa mwenyewe, nayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, nachanganya kijiko cha mashanza ya jana, nafunika na kitambaa, nalaza karibu na jiko. Asubuhi yamekamata. Na kama maziwa yanakufanya uwake, uyaache, mwili wako ndio unajua. Vidonge vya bakteria vya dola 50 usinunue. 2018 wataalamu wa Cochrane, shirika linalopima kama tiba zinafanya kazi, walikusanya majaribio ya vile vidonge kwa wagonjwa wa eksema, wakakuta kwamba pengine havileti tofauti kubwa, au hakuna kabisa. Pesa hiyo nunua maharagi na ubaki na chenji.

Na pomadi usiiache! Sikusema uiache. Mimi napaka vazelini mara mbili kwa siku, mara tu nikitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na maji, na nikiwaka natumia kortizoni aliyoniandikia daktari, siku chache, kwa kipimo chake. Ukiona inatoa usaha au unapata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kabla ya yote peleka choo laboratwari, mimi walinikuta na minyoo ya kutosha na nilikuwa na miaka 31. Mtoto usimwondolee mayai na maziwa juu ya video, utamdhoofisha bure, nenda na mtoto kwa daktari kwanza.

Kuna siku nachoka. Bei ya kila kitu imepanda hapa mjini, usingizi umepungua, na mawazo pia yanaamsha ngozi, hilo hakuna sahani inayolizuia. Nyuma ya goti la kushoto nina alama ya ukubwa wa sarafu ambayo haijawahi kuondoka. Lakini miezi 14 sijapasuka vidole, na mwezi uliopita nimeanza tena kupikia watu, sherehe ndogo ndogo tu, na ile dot ya Jumamosi ni mimi niliyegawa chakula, watu 80, mkono kwa mkono. Wamama wa kwetu, acheni kuficha binti zenu wenye eksema nyuma ya nyumba wageni wakija. Haiambukizi. Semeni mbele ya wageni kwamba haiambukizi, mtoto asikie mnavyosema. Mimi hakuna aliyesema mbele yangu.

Dada wa Bagira, najua utauliza mashanza ya kuanzia utayatoa wapi. Jumatano mchana niko nyumbani. Njoo na chupa yenye mdomo mpana na kifuniko chake, uipitishe kwenye maji ya moto kwanza, nitakuwekea vijiko viwili. Na uvae mikono mifupi, hapa kwangu hakuna wa kukuangalia vibaya.