Fedha ya ruzuku ya mbolea ya baba haijaonekana

Pole mdogo wangu. Unasema baba yako hapo Kaliua aliambiwa ruzuku ya mbolea ya tumbaku imeshalipwa kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, lakini mkononi hajashika hata shilingi. Usianze na ugomvi, anza na karatasi.

Tumbaku si kama mahindi. Mbolea huja kwa mkopo kupitia chama, na deni hukatwa siku marobota yanapouzwa. Kwa hiyo huenda ruzuku ilipunguza deni badala ya kuja taslimu. Mwombe karani wa chama taarifa ya makato ya baba, jina lake peke yake: mifuko aliyochukua, bei ya kila mfuko, deni la mwanzo, kilichokatwa na tarehe yake. Ilinganishe na stakabadhi alizosaini akichukua mbolea. Mimi huku Urambo niliwahi kuandikiwa mifuko 9 ya mbolea ya NPK, na niliyobeba kwa baiskeli yangu ilikuwa 6. Ile 6 ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya, wino mwingine kabisa. Bila nakala yangu ningelipa yote.

Hakikisha pia jina na namba ya simu ya baba viko sawa kwenye daftari la usajili la kijiji; wazee wengi waliandikisha kwa laini ya mtoto ambayo sasa haipatikani.

Karani akikataa, andikeni barua, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri, kisha mwoneni afisa ushirika wa wilaya. Akishindwa, nendeni kwa Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika, Tabora mjini. Baba aende mwenyewe, mwanachama ni yeye. Wewe msindikize na umsomee.