Usiwapulizie dawa sisimizi wote

Dada, umeuliza kama uwapulizie dawa sisimizi kwenye kokoa yako hapo Kyela. Subiri kwanza, watazame ni wa aina gani. Wale wekundu wanaoshona majani kwa hariri ya mabuu wao, majimoto, waache kabisa! Wanawinda wadudu wanaofyonza matunda machanga, akiwemo yule tunayemwita mbu wa mikorosho, ambaye hushambulia kokoa pia. Wanauma, kweli, vuna asubuhi na mapema kabla hawajachangamka. Ila ukikuta weusi wadogo wamejenga vibanda vya udongo na makapi kwenye kikonyo cha tunda, bandua kimoja: chini yake mara nyingi kuna vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza mmea, weupe kama unga. Sisimizi hao wanawafuga kwa ajili ya majimaji matamu wanayotoa. Hapo ondoa tunda lililoathirika.