Goti limenyooka, mbona unyayo unalalia ndani?

SWALI: Assalaam alaykum. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 67, alikuwa na matege kwa miaka mingi, na goti lake la kulia lilipochakaa akawekewa goti bandia miezi minne iliyopita. Mguu umenyooka, lakini unyayo sasa unalalia upande wa ndani, na anahisi mguu huo umekuwa mrefu kuliko mwenzake. Majirani wanasema goti limepachikwa upande. Je, ni kweli? Na ataweza tena kusujudu?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Kabla ya kuwasikiliza majirani, msimamishe mama peku, kaa nyuma yake, uangalie visigino. Yumkini utakiona kisigino cha kulia kimepinda kwa nje, na kupinda huko hakukuanza siku ya upasuaji.

Kwa mtu mwenye matege, uzito unaoshuka kutoka nyongani hupitia zaidi upande wa ndani wa goti, ndiyo maana gegedu la upande huo ndilo hulika kwanza. Muundi nao huinamia nje, kiasi kwamba lau unyayo ungeufuata, mtu angekanyagia ukingo wa nje peke yake. Ili unyayo ukae bapa, kiungo kilicho chini ya kifundo cha mguu hukipinda kisigino kuelekea nje, na hufanya hivyo mwaka baada ya mwaka bila ya mwenyewe kujua. Daktari hulinyoosha goti kwa saa chache tu, ilhali kisigino bado kinaendelea na kazi yake ya zamani, ambayo sasa haihitajiki. Matokeo yake ni uzito kuhamia upande wa ndani wa wayo.

Kwa wagonjwa wengi kisigino hurejea kidogo kidogo katika wiki na miezi inayofuata. Kikiwa kiungo hicho cha chini kimeshakakamaa, hakirejei vyema, na hapo soli maalumu ya kuinua upinde wa unyayo husaidia. Tazama pia makubadhi anayovaa: kama ni yale ya zamani, yaliyolika ukingo wa nje, yanampindisha kila hatua, basi mnunulieni mapya yenye soli ngumu.

Urefu anaouhisi unaweza kuwa wa kweli, kwa kuwa mguu uliopinda ukinyooshwa hurefuka kidogo, na wa kushoto bado una matege yake. Hisia hiyo kwa kawaida hupungua, kwa hiyo msikimbilie kuuongezea kisigino kiatu cha pili.

Ninalolihofia zaidi ni kwamba bado anauogopa mguu huo. Goti bandia lililowekwa kwa saruji ya mifupa huruhusu kukanyaga siku ile ile au ya pili yake, ila daktari akikataza kwa sababu maalumu. Hata hivyo wagonjwa huendelea kuegemea mguu wa pili kwa miezi. Mkipata mizani mbili za kupimia uzito, asimame kila mguu kwenye mizani yake, naye ataona mwenyewe tofauti. Bakora aishike mkono wa kushoto, si wa kulia kama wengi wanavyofanya, na asilale na mto chini ya goti, maana goti lisilonyooka kikamilifu humfanya achechemee na kukanyagia vidole.

Unyayo ukiburuta, au kifundo kikivimba na kuuma kwa ndani hata ashindwe kusimama kwa ncha za vidole, arudi kwa daktari na aombe picha ya eksirei ya mguu mzima, kutoka nyonga hadi kifundo, akiwa amesimama. Uvimbe wa ghafla wenye maumivu kwenye shavu la mguu, homa au kidonda kutoa maji, hayo hayangoji miadi.

Kuhusu sujudu, goti bandia aghalabu hukunjika hadi nyuzi 110 au 120, na kukalia visigino kunahitaji zaidi ya hapo. Wengine hupiga goti juu ya mto mnene baada ya kovu kupona na daktari kuridhia, lakini wengi huona uzito. Kwa sasa asali juu ya kiti kisicho kifupi, nyayo zote mbili zikiwa bapa sakafuni.