Apache imetoa, limetoa au wametoa?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Mtwara. Kila linapotoka toleo jipya la programu huria za seva za wavuti, huwaandikia habari fupi mafundi wenzangu wa huku na wa Lindi. Juzi niliandika kuhusu mojawapo ya programu hizo, Apache: "Apache imetoa toleo jipya, sasisheni." Mwenzangu wa Masasi akanisahihisha kwamba Apache ni shirika, kwa hiyo ni "Apache limetoa". Mwingine akasema sote tumekosea, ni "Apache wametoa". Nani kapatia? Na je, tuandike seva zetu au maseva yetu?

Jibu: Marahaba. Wewe umepatia, huyo wa tatu naye hajakosea. Wa Masasi kateleza kidogo, ingawa hoja yake ndiyo nzito kuliko zenu nyote.

Jina la kigeni au la kifupi likisimama peke yake, bila nomino ya Kiswahili mbele yake, kwa kawaida huangukia ngeli ya i-/zi-. Msimu wa korosho mnasema hivyo wenyewe bila kufundishwa na mtu: "TANECU imetangaza mnada." TANECU ni chama kikuu cha ushirika, na chama hutaka ki-, lakini ni nadra kumsikia mkulima wa Newala akisema "TANECU kimetangaza". Akilitaja neno chama ndipo ki- inarudi: "Chama kikuu kimetangaza mnada." Basi na nyinyi andikeni "Apache imetoa", au "Shirika la Apache limetoa". Hiyo li- ya mwenzako inadai shirika litajwe.

"Wametoa" ni lugha ya mpira. Shabiki wa Ruangwa husema "Namungo imeshinda" akiifikiria timu, na "Namungo wameshinda" akiwafikiria vijana waliokuwa wakihema uwanjani. Wanaoiandika programu ya Apache ni watu, wengi wao wakijitolea, kwa hiyo wa- ni halali. Ila msije mkaandika "Waapache wametoa". Waapache ni wenyeji wa asili wa Marekani. Programu ilichukua jina lao kwa heshima, na hawahusiki na toleo lolote.

Sasa hoja ya Masasi. Anachouliza hasa ni nani katenda nini. Programu ya Apache ilianza mwaka 1995, na shirika linaloilea likasajiliwa mwaka 1999: jina moja, vitu viwili. Katika habari za kawaida hilo halimdhuru msomaji, lakini katika habari za usalama linaweza kumpoteza. Chukua mkasa wa Oktoba 2021. Toleo la 2.4.49 lilikuwa na mwanya ambao, kwenye seva isiyowekewa kinga ya kutosha, ulimwezesha mtu wa nje kusoma mafaili yasiyo ya tovuti. Ukiandika "Apache imetangaza mwanya katika Apache na imeshazibwa", fundi wa zamu ya usiku atauliza: kilichozibwa ni nini? Mwanya hauzibwi kwa i-. Andika: "Shirika la Apache limetangaza mwanya katika programu yake, umezibwa katika toleo la 2.4.51." Hapo li- inakwenda kwa shirika, u- inakwenda kwa mwanya, na hakuna wa kubabaika.

Namba ya toleo nayo huchukua li- hata ikiwa peke yake, maana neno toleo limo ndani yake hata lisipotamkwa: "2.4.50 lilitoka tarehe 4 Oktoba lakini halikuuziba mwanya wote, 2.4.51 likafuata tarehe 7."

Nginx, programu nyingine ya seva za wavuti, ina utata zaidi, kwa sababu kampuni na programu zote ni za i-, na kiambishi hakikuokoi. "Nginx ilinunuliwa mwaka 2019." Ipi? Kampuni ya F5 iliinunua kampuni ya Nginx. Programu, ambayo Igor Sysoev aliitoa kwa umma mwaka 2004, ilibaki huria. Hapa hamna njia ya mkato, andikeni "kampuni ya Nginx". Vivyo hivyo Februari 2024, Maxim Dounin, mmoja wa watengenezaji wake wakuu, alipojitenga na kuanzisha freenginx baada ya kutokubaliana na F5 kuhusu jinsi ya kushughulikia masuala ya usalama. "Dounin ameiacha Nginx" inamfanya msomaji adhani jamaa katupa kalamu, kumbe ameondoka na nakala ya programu na anaendelea kuiandika. Mimi ningeandika "Dounin amejitenga na mradi wa Nginx" na kumaliza ubishi.

Kuhusu seva, ni ngeli hiyohiyo: seva hii imezima, seva hizi zimezima. "Maseva" naisikia sana kwa vijana na kwenye mazungumzo haina neno. Katika taarifa zako andika seva zetu.