Meza ya Ushonaji: Kanga za Marehemu Mama, Pembe Zisizokutana na Mfarishi wa Mkono

SWALI: Mama yangu alifariki mwaka juzi akaniachia doti tisa za kanga, baadhi zimechakaa kwa kuvaliwa. Ninatamani kuzishona mfarishi wa viraka, lile tandiko la kitandani lenye matabaka, lakini kila nikishika mkasi mkono unasita, kwa sababu kila kanga ina jina lake, yaani yale maandishi yake, na ninaogopa kuyaharibu maneno. Nianzie wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Pole sana kwa msiba, dada yangu. Usiulaumu mkono wako kwa kusita, kwani kanga ikishakatwa hairudi. Hata hivyo, kanga yenyewe inakupa njia, kwa kuwa doti ni vipande viwili vinavyofanana kwa kila kitu. Weka kipande kimoja cha kila doti kikiwa kizima, ukikunje na kukihifadhi, kisha ukate kile pacha chake. Doti zako tisa zitakuachia kanga tisa za kushona na tisa za kumbukumbu, na nafsi yako itatulia.

Katika kukata, jina lisiguswe. Mimi huumia ninapoona mto wenye nusu ya neno, kama vile aliyeshona hakujua kusoma. Kata jina likiwa ukanda mmoja mrefu, ukiacha inchi nzima ya kitambaa juu na chini ya maandishi, kisha ulipange ukingoni mwa mfarishi, mahali ambapo mtu aliyeketi kitandani ataweza kulisoma. Mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, utakupa vipande vikubwa vyenye maua au nakshi, na pindo linaloizunguka litakupa kanda za kuzunguka vipande hivyo.

Kabla ya yote hayo, inua kila kanga mbele ya dirisha mchana. Panapopitisha mwanga zaidi ya kwingine, nyuzi zimelegea, na kiraka kitakachotoka hapo kitachanika mapema. Usikitupe. Kikatie bafta, kitambaa chepesi cha pamba, ya ukubwa uleule, uiweke nyuma yake, uvipige bandi pamoja, yaani mshono wa mkono wa kuingia na kutoka, kisha uvihesabu kuwa kitambaa kimoja.

Kinachofuata ni rangi, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia. Lowesha ncha ya kanga, iweke juu ya kitambaa cheupe na uikandamize kwa pasi ya moto. Rangi ikihamia kwenye cheupe, kanga hiyo ifuliwe peke yake mara kadhaa mpaka maji yatoke safi. Wengi hutia chumvi au siki wakiamini kuwa hufunga rangi, lakini rangi isiyoshika wakati wa kutiwa kiwandani haishikishwi na siki jikoni. Nilijifunza hilo kwa uchungu, pale kanga nyekundu niliyoiamini ilipotia waridi kitambaa cheupe cha mfarishi niliokwisha kuumaliza. Nikauanika juani na kuupiga pasi, na doa likakaa moja kwa moja. Ingelitakiwa niuache majini, kwenye beseni kubwa lenye sabuni, nikibadilisha maji mpaka yaache kubadilika rangi, na pasi isiukaribie kabisa.

Tena, usidhani kuwa kuunga kanga ni kuivunjia heshima. Pwani husimuliwa kwamba katika karne ya 19, kabla ya kanga za kuchapwa kiwandani kuenea, wanawake walinunua leso sita za mraba wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja. Ndiyo maana wenzetu wa Mombasa hadi leo huiita kanga leso.

SWALI: Ninatumia cherehani na ninakata viraka vya vitenge kwa rula, vyote inchi 5 kwa 5, lakini pembe hazikutani na safu moja huwa ndefu kuliko nyingine. Kosa liko wapi? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ndugu yangu, nadhani mkasi wako hauna kosa, bali mshono unahama. Katika viraka, umbali kutoka ukingo wa kitambaa hadi mshono huwa robo inchi, na kiraka chako cha inchi 5 kinapaswa kubaki inchi 4 na nusu kikishaungwa pande zote. Ukizidisha upana huo kwa sehemu moja tu ya kumi na sita ya inchi, safu ya viraka kumi yenye mishono tisa itapungua kwa zaidi ya inchi moja.

Jipime hivi: kata kanda tatu zenye upana wa inchi 2, uziunge kwa urefu, uzipige pasi, kisha upime ule wa katikati. Ukiwa inchi 1 na nusu kamili, uko sawa. Ukipungua, pima robo inchi kutoka kwenye sindano, ubandike ukanda wa tepu ya karatasi juu ya bamba la cherehani, na ukingo wa kitambaa uufuate. Halafu mishono ya safu ya kwanza ilaze kulia kwa pasi na ya safu ya pili kushoto, na utahisi kwa vidole pembe zikijifunga zenyewe. Kitenge kipya kifue kwanza, kwani wanga wake ukitoka baadaye kitambaa husinyaa.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu. Cherehani sina na nyumba yangu ni ndogo, lakini mabaki ya vitambaa ninayo tele. Je, mfarishi huweza kushonwa kwa mkono peke yake? (Msomaji, Bagamoyo)

JIBU: Shikamoo, mwalimu. Huweza, tena kwa namna inayotuhusu. Katika jimbo la Karnataka nchini India wanaishi Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika, ambao wazee wao walivushwa bahari wakiwa watumwa, baadhi kutoka upande wetu huu wa mashariki. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi bila cherehani wala kipimo cha viraka.

Hutandika kitambaa kikuukuu, mara nyingi sari, kiwe ndiyo bitana, kisha huanzia pembeni. Huweka kiraka, hukunja ukingo wake kwa vidole, hukishona kwa bandi ndogondogo zinazopenya hadi kwenye bitana, ndipo huweka kingine kikilalia cha kwanza, wakizunguka kuelekea katikati mpaka nafasi ifungwe. Kwa hiyo kuunga viraka na kushikisha matabaka huwa kazi moja, nayo hulala mapajani, haihitaji meza. Badala ya sari, shuka yako kuukuu ya pamba inatosha. Anza na kawandi ya mtoto, mita moja kwa mita moja, uzi mnene wa pamba, na ukae karibu na dirisha. Mwishoni, kila pembe tia vipande vidogo vya pembe tatu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Wao huviita phula, maana yake maua, na kawandi isiyo navyo hawaihesabu kuwa imekwisha.